Eveline na Akina Baba wa Lwangilo

Mwezi wa sita ukiingia Mufindi, ukungu hupanda kutoka kwenye mabonde ya chai na kutanda juu ya mabati ya nyumba hadi jua linapopata nguvu ya kuutawanya. Watu wazima huvaa koti juu ya koti, huota moto jikoni na kulalamika kidogo, basi. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake, baridi hiyo ni jambo lingine kabisa. Mtoto njiti hana nyama ya kumtunzia joto, na akishapoa, kunyonya kunamshinda, kisha hata kupumua kunakuwa kazi.

Eveline Kalinga aliyajua hayo kuliko wengi. Alikuwa muuguzi mkunga katika kituo cha afya cha Lwangilo, kijiji kilichoko ng'ambo ya Igowole, na alikuwa amekaa pale muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wasichana aliowapokea duniani sasa walikuwa wanakuja kujifungua mikononi mwake. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya pili iliyotegemewa sana kwenye kwaya ya Kilutheri ya pale kijijini. Mumewe, Crispin, alikuwa dereva wa trekta kwenye shamba la chai. Binti yao, Faustina, alikuwa sekondari ya bweni.

Kilichoyabadilisha maisha ya Eveline kilitokea alfajiri moja ya Juni. Mama mmoja aitwaye Evarista alijifungua mapacha njiti, akapoteza damu nyingi. Kwa udhaifu aliokuwa nao, aliweza kubeba mtoto mmoja tu kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa namna ile ambayo wauguzi huiita kangaroo. Wa pili walimviringisha mablanketi wakamweka karibu na hita. Umeme ukakatika. Walimbadilishia mablanketi, wakachemsha maji na kuzungushia chupa za moto, lakini kulipopambazuka vizuri yule wa pili alikuwa amekwisha kwenda.

Eveline alipotoka nje kutoa habari, alimkuta baba wa watoto barazani. Alikuwa amesimama pale tangu alfajiri, koti limefungwa vifungo vyote, mikono ameikumbatia makwapani akijipasha moto. Hakuna aliyekuwa amemwambia aingie, kwa kuwa wodi ya wazazi haikuwa mahali pa wanaume, na haikumjia mtu yeyote kuwaza vinginevyo.

Siku hiyo Eveline alirudi nyumbani, hakula. Crispin alipomwuliza kulikoni, alisema, "Kulikuwa na kifua kizima pale barazani, Baba Faustina. Kina joto lake. Na hatukukitumia."

Tangu hapo wazo lile halikumwacha. Alisoma kila alichokipata na kugundua kwamba nchi nyingine akina baba walikuwa wanabeba watoto njiti na watoto wanapona. Alipolileta jambo hilo kwenye kikao cha wauguzi wa wilaya, wenzake walimsikiliza kwa adabu. Kisha mmoja wao akauliza kama kuna mtu aliyewahi kulipima huku, kwenye baridi hii, kwenye majengo haya, na kwa wanaume hawa tunaowajua. Wengine wangekereka. Eveline aliona kwamba swali lile ni la haki, na kwamba asipolijibu yeye, hakuna wa kulijibu.

Ndivyo ilivyotokea kwamba mwanamke wa umri wake, mwenye binti wa sekondari, akafunga sanduku na kwenda Mbeya kusomea shahada ya uzamili ya ukunga katika Chuo Kikuu cha Loleza.

Alipanga chumba Iyunga, karibu na barabara kuu ya malori yaendayo Tunduma. Mwenye nyumba wake, mama wa Kinyakyusa, alikuwa akimsalimu kila asubuhi "Ugonile," naye akiitikia "Kamwene" ya Kihehe cha kwao, wakawa wanacheka wote wawili, kila mmoja akishikilia yake. Jumamosi alikwenda Mwanjelwa kununua maharage na ndizi, akapika chungu kikubwa kwa ajili ya wiki nzima. Darasani alikuwa mkubwa kuliko wote. Vijana walimwita Mama Kalinga na kumwachia kiti cha mbele.

Masomo ya wodi hayakumsumbua. Takwimu ndizo zilizompa homa. Mara ya kwanza mwalimu alipochora ule mstari wenye nundu katikati ubaoni, Eveline alinakili kama anayenakili maandishi ya kigeni. Lakini hakuona haya kuuliza. Alimfuata kijana mmoja wa Kyela aitwaye Mika, hodari wa kompyuta, akamwambia wazi kwamba hajaelewa hata neno. Mika naye alikuwa anaishi kwa chai na mandazi. Wakakubaliana: Mika amfundishe takwimu, na chungu cha Jumamosi kiwe cha wote. Kufikia mwisho wa muhula, Mika alikuwa amenenepa na Eveline alikuwa anachora ule mstari mwenyewe na kueleza maana yake.

Msimamizi wake wa utafiti alikuwa Dakta Sekela, mwanamke mwembamba wa Tukuyu ambaye miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa mdogo kwa Eveline, hivyo wakikutana kwenye korido alimsalimu, "Shikamoo, dada," na Eveline akaitikia marahaba. Mlango wa ofisi ukishafungwa, udada uliishia nje. Dakta Sekela alikuwa na kalamu nyekundu isiyojua umri wa mtu.

Siku Eveline alipowasilisha pendekezo la utafiti wake, baadhi ya wanafunzi waliangua kicheko. Mhadhiri mmoja aliuliza, bila dhihaka, itakuwaje mwanaume wa Kihehe akubali kuvua shati na kukaa kwenye wodi ya wazazi. Eveline alijibu kwamba hajui, na kwamba kujua hilo ni sehemu ya kazi yenyewe. Dakta Sekela alimwita ofisini baadaye.

"Huruma unayo, naiona," alimwambia. "Huruma haitabadilisha mwongozo wa hospitali hata mmoja. Niletee vipimo."

Wakapanga utaratibu pamoja. Kila mtoto njiti angepimwa joto akiwa kifuani kwa mama, na wakati mwingine akiwa kifuani kwa baba, ili mtoto mwenyewe awe kipimo chake. Wazazi wangekubali kwa hiari yao, na mzazi akibadili nia hakuna wa kumwuliza. Kamati ya maadili ya chuo ilikaa, ikauliza maswali, ikatoa kibali. Juni iliyofuata Eveline alirudi Lwangilo na kipimajoto kipya.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Baba wa kwanza alikataa kwa upole. Wa pili aliahidi kurudi baada ya kufunga ng'ombe, na hakuonekana tena hadi siku mkewe aliporuhusiwa. Wa tatu alivua koti, akaona wauguzi wa kike wamesimama, akavaa koti.

Ndipo akaja Marcelino Kihwele. Huyu alikuwa mpasua mbao kwenye misitu ya misindano, mtu wa miraba minne, mikono imejaa makovu ya vibanzi. Mkewe, Jackline, alikuwa amefanyiwa upasuaji na kujifungua binti mdogo sana, na kutokana na maumivu na homa hakuweza kumweka mtoto kifuani. Bibi Rozalia, mama yake Marcelino, alitaka kumbeba yeye mjukuu wake, lakini alikuwa na kikohozi cha wiki nzima, na Eveline alimkatalia. Mtoto alikuwa kwenye mablanketi. Miguu yake ilikuwa ya baridi, na kipimajoto kilikuwa kinashuka.

Eveline alimkuta Marcelino barazani. Alimweleza habari za mtoto bila kumficha kitu. Alimweleza pia kwamba ni utafiti, na kwamba anaweza kukataa na mtoto akaendelea kuhudumiwa vilevile.

Marcelino alitazama chini. "Sista, mimi mikono yangu hii," alisema, akiinyoosha. "Nitamvunja."

"Mikono ni kazi yangu," Eveline akamjibu. "Wewe niazime kifua tu."

Bibi Rozalia alisikia, akasimama mlangoni. Hakupaza sauti, lakini alisema kwa Kihehe maneno ambayo wodi nzima iliyaelewa: kwamba mwanaume kuatamia mtoto ni aibu, na kwamba yeye hakuzaa kuku. Akina mama vitandani wakageukia ukutani kuficha vicheko. Marcelino alimtazama mama yake, akamtazama Jackline aliyelala amefumba macho, kisha akavua koti, akavua sweta, akavua shati, akakaa kwenye kiti.

Eveline alimlaza mtoto katikati ya kifua kile, kichwa kimegeuzwa upande, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Akamfunga kwa kitenge, akamzungushia baba yake blanketi mabegani. Marcelino hakuthubutu kusogea. Alipumua kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso katika chumba ambacho wengine walikuwa wanatetemeka.

Saa ilipopita, Eveline alipima. Alipima tena kuhakikisha. Joto lilikuwa limepanda na kutulia mahali panapotakiwa. Bibi Rozalia alisogea taratibu, akapitisha vidole chini ya kitenge, akagusa nyayo za mjukuu wake.

"Zimepata moto," alisema. Kisha akamgeukia mwanawe kwa ukali uleule wa mwanzo. "Usijitingishe, wewe. Unamwamsha mtoto."

Mtoto yule alipewa jina la Bupe, zawadi. Jina ni la Kinyakyusa, Jackline alilitoa kwa bibi yake wa upande wa Rungwe, na hakuna aliyelipinga. Marcelino alimbeba kila siku baada ya kazi hadi walipotoka. Siku ya kutoka alitembea naye kutoka kituoni hadi nyumbani akiwa kifuani chini ya koti la mvua. Dukani wanaume walikuwa wakimwita Mama Marcelino kwa siku kadhaa. Alisimama mbele yao, akafungua vifungo viwili vya koti, wakaona kofia ya sufu na pua isiyozidi punje ya harage. Mmoja wao, ambaye mkewe alikuwa na ujauzito wa shida, alimfuata pembeni na kumwuliza kama inauma.

Baada ya hapo kazi ikafunguka. Akina baba walianza kuja, wengine kwa kujificha, wengine wakitanguliwa na mama zao, kwa kuwa Bibi Rozalia alikuwa ametangaza habari ile kisimani na kanisani kana kwamba wazo lilikuwa lake. Msimu wa baridi ulipokwisha, Eveline alirudi Mbeya na vipimo vya kutosha. Mika aliviingiza kwenye kompyuta, na majibu yalipotoka aliruka kutoka kwenye kiti. Watoto walipata joto zaidi vifuani mwa baba zao kuliko vifuani mwa mama zao.

Eveline alipanda ngazi za ofisi ya Dakta Sekela karibu kukimbia. Dakta alivaa miwani, akasoma kwa muda mrefu, akarudia ukurasa mmoja.

"Akina baba walikuwa wanakuja saa ngapi?" aliuliza.

Eveline akasema walikuwa wanakuja mchana, wakishatoka kazini.

"Na akina mama ulikuwa unawapima saa ngapi?"

Wakati wa mzunguko wa asubuhi, alijibu, na kabla hajamaliza sentensi aliona mwenyewe shimo alilotumbukia. Asubuhi Lwangilo ni ukungu na umande wa barafu. Mchana jua linapiga kwenye madirisha ya wodi.

"Kwa hiyo hatujui," alisema Dakta Sekela, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mdogo mtu, "hatujui kama tumempima baba au tumelipima jua. Pole, dada. Inabidi urudie."

Kurudia maana yake ilikuwa mwaka mzima. Eveline alishuka Iyunga kwa miguu, akapita maduka na gereji bila kuona kitu. Alifikiri wenzake watahitimu, yeye abaki. Alifikiri kuacha, na kwa mara ya kwanza lilikuwa wazo linaloingia akilini bila kubisha hodi. Alipompigia Crispin simu, alieleza yote kwa pumzi moja. Upande wa pili trekta lilikuwa linanguruma. Crispin alilizima kwanza.

"Baridi ya Mufindi haijaenda popote, Mama Faustina," alisema. "Mwakani itarudi. Na wewe urudi."

Akarudi. Lakini sasa tatizo lilikuwa kubwa zaidi. Ilibidi akina baba waje alfajiri, saa ileile na akina mama, na alfajiri ndiyo saa ya kazi. Wapasua mbao huingia msituni kabla ya jua, wachuma chai husombwa na matrekta gizani, na mtu asiyefika hupoteza kibarua. Eveline aliwaeleza akina baba ukweli wote, hata lile la jua, kwamba mwaka uliopita walikuwa wamejitolea na vipimo vyao havikutosha kwa sababu yeye hakuvipanga vizuri. Hakuona sababu ya kulizungukazunguka.

Marcelino ndiye aliyelichukua. Alizungumza na wapasua mbao wenzake wakati wa chakula, na wakaafikiana kwamba mwenye mtoto njiti atafika kazini jua likiwa juu, na wenzake watamshikia upande wake wa msumeno. Mchungaji wa Kilutheri alilitangaza ibadani. Katekista wa Kikatoliki alilitangaza Jumapili hiyohiyo, asionekane amepitwa. Crispin naye alizungumza na msimamizi wake wa shamba la chai, na trekta moja likaanza kupitia kituoni kila asubuhi kuwachukua akina baba waliokwisha kumaliza zamu yao ya kifua. Watu wa Lwangilo waliiita hivyohivyo, zamu ya kifua.

Basi ukaja msimu wa baridi ambao watu wa Mufindi wanausimulia hadi leo. Barafu ilianguka usiku baada ya usiku, majani ya viazi yakawa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na chai ikaungua vilimani. Katikati ya wiki ile mbaya kuliko zote, umeme ulikatika na haukurudi. Wodi ya Lwangilo ilikuwa imejaa njiti. Miaka mingine, wiki kama hiyo ingeacha misiba.

Alfajiri Eveline alikuta akina baba wamekwisha kufika. Walisimama kwenye ukungu na mabuti yao, mvuke ukiwatoka midomoni, wakisubiri mlango ufunguliwe. Bibi Rozalia alikuwa ameleta sufuria ya uji wa ulezi, anamgawia kila anayeingia na kumwamuru anawe mikono vizuri. Walikaa kwa mstari kwenye viti vya wodi, vifua wazi chini ya mablanketi, kila mmoja na kofia ndogo ya sufu chini ya kidevu. Mmoja alikuwa anaimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya chini ya besi. Mwenzake, Mkatoliki, alidakia bila kuyajua maneno. Akina mama, ambao kwa mara ya kwanza walikuwa wamepata kulala, waliamka na kukamua maziwa tele, na muuguzi akawanywesha watoto kwa kikombe kidogo. Eveline alipita na kipimajoto kutoka kifua hadi kifua, na kila alipopima alikuta joto liko mahali pake.

Wiki ile hakufa mtoto hata mmoja.

Alipowasilisha vipimo vipya kwa Dakta Sekela, dakta aliuliza saa. Akauliza kuhusu madirisha, na kuhusu nani alipima na kwa kifaa kipi. Alichimba kila pembe, Eveline akajibu kila pembe. Safari hii akina baba hawakuwashinda akina mama. Walilingana nao, na hilo lilikuwa jambo kubwa zaidi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Mwishowe Dakta Sekela alivua miwani, ikaning'inia.

"Dada Eveline," alisema, "kaandike."

Chuo Kikuu cha Loleza kina desturi ya Siku ya Utafiti na Jamii, ambapo wahitimu wa uzamili huwasilisha kazi zao mbele ya watu wote, wasomi na wasio wasomi. Eveline alitarajia Crispin na Faustina. Alichokiona kikiingia getini kilimfanya ashike ukingo wa meza. Akina baba wa Lwangilo walikuwa wamekodi basi, wakatoka Igowole kupitia Mafinga na Makambako hadi Mbeya, na wake zao, na watoto waliokuwa njiti, sasa wanatambaa na kuvuta vitambaa vya meza za maonyesho. Marcelino alivaa suti iliyombana mabega. Bupe alikuwa amekaa mkononi mwake akitafuna ratiba ya siku.

Mtahini wa nje, Profesa Benjamini, mzee wa maneno machache, alimhoji Eveline kwa makini. Aliuliza kama mama kumpisha baba hakupunguzi maziwa ya mtoto. Eveline alionyesha kwamba mama aliyepumzika alikamua zaidi. Aliuliza kama basi hospitali zote za nchi zifanye hivyo kuanzia kesho. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, na wengi pale walitaka aseme ndiyo.

"Sijui, Profesa," Eveline alisema. "Mimi nimepima Lwangilo. Kwingine nako kupimwe. Ninachojua ni kwamba pale Lwangilo, baba asiachwe tena barazani."

Profesa aliandika kitu, akasema kwamba hana swali lingine, na kwamba jibu lile ndilo alilolitafuta.

Mwendesha shughuli alipouliza kama kuna mtu wa jamii mwenye neno, Marcelino alisimama. Alikuwa amejiandalia hotuba, lakini ilimtoroka yote. Alimwinua Bupe juu ili watu wa nyuma wamwone. "Huyu alikuwa mdogo kuliko mkate," alisema. "Mimi nilidhani kazi ya baba ni kuleta mkate." Akakaa. Vigelegele vilianzia kwa akina mama wa Lwangilo, vikashika ukumbi mzima, na Dakta Sekela, ambaye hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwona akifanya hivyo, alipiga kimoja kirefu cha Kinyakyusa.

Jarida la habari la chuo lilitoa picha ya siku hiyo kwenye ukurasa wa kwanza, ikimwonyesha Marcelino na Bupe, na kwa makosa ya mpiga chapa likaandika chini yake, "Dakta Marcelino Kihwele, mtafiti." Chuo kiliomba radhi toleo lililofuata. Huko msituni, hata hivyo, radhi ile haikufika, na hadi leo wapasua mbao humwita Dakta, naye huitika.

Eveline alifaulu kwa daraja la juu. Chuo kilimwomba abaki kufundisha Mbeya. Alishukuru, akaomba ruhusa ya kufundisha akiwa kwao, wakakubaliana: kila muhula wanafunzi wa ukunga hupelekwa Lwangilo kujifunza wodini, na Mika huja nao na kompyuta zake kusimamia vipimo. Ofisi ya afya ya mkoa nayo ilimwita Iringa mjini awafundishe wauguzi wa vituo vingine, na vituo hivyo vikaanza kupima vyenyewe, kila kimoja kwenye baridi yake. Majibu yanakuja, mengi mazuri, mengine yana maswali. Maswali Eveline anayapenda kuliko zamani.

Juni iliyopita alirudi kutoka kwenye mafunzo hayo akiwa amechoka, akaingia wodini kuaga kabla ya kwenda nyumbani. Alikuta ubishi. Akina baba watatu walikuwa wamesimama, vifua wazi, mablanketi mabegani, wanamlalamikia muuguzi wa zamu kwamba viti vimejaa na wao wamewahi kufika. Kijana mmoja, mchuma chai aliyezaa kwa mara ya kwanza, alisema haiwezekani yeye akose zamu yake kwa sababu ya kiti, na akadai kuonana na mkubwa wa wodi.

Mkubwa wa wodi alitua begi lake sakafuni. Alicheka kwa ile sauti yake ya pili iliyojaza chumba, akawaambia wasubiri, akatoka barazani, ambako siku hizi hakukaliwi na mtu, na akaanza kuliburuta benchi kuliingiza ndani.